Kabla Muuze Shamba ya Ocha Mpeleke Mgonjwa India: Haya Ndiyo Maneno Ya Kushika

Tarehe 15 Oktoba 2025 Kenya iliamka ikapata habari kutoka mji ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kusikia: Koothattukulam, jimbo la Kerala, India. Raila Odinga, miaka 80, alikuwa ameenda huko kwa matibabu ya Ayurveda. Akaanguka akiwa kwa matembezi ya asubuhi, akakimbizwa hospitali ya karibu, na ndio hivyo. Miaka kadhaa kabla, binti yake Rosemary alikuwa ametibiwa macho mji huohuo.

Siku hiyo mtandaoni kila msee alikuwa anauliza swali moja: kwani hapa Kenya hakuna hospitali?

Hilo swali si jipya. Rudi nyuma hadi Julai 2019. Ndani ya mwezi mmoja tulipoteza bosi wa Safaricom Bob Collymore, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu ni cancer. Collymore alikuwa ametibiwa Uingereza, Okoth Ufaransa, Laboso Uingereza na India. Wote walirudi wakafia nyumbani.

Hao ni watu wa juu. Sasa cheki side yetu. 2015 kulikuwa na chali wa chuo, Emmanuel Otieno, yule tulimjua kama Jadudi. Alikuwa na uvimbe kwa ubongo na alihitaji kuenda India kufanyiwa operesheni nyingine. Wasee wakaanzisha #1MilliForJadudi wakitafuta mita moja. Ndani ya siku chache zikaingia zaidi ya mita sita. Wakenya tukajipigia makofi. Jadudi aliaga 2020.

Sijaleta hizi stori kusema India ni scam. Kuna Wakenya kibao walienda wakarudi wakiwa fiti, na bila hiyo safari hawangekuwa hapa. Lakini kuna kitu mabig huwa nacho ambacho sisi hatuna, na si doh peke yake. Wao wako na mtu wa kuwasomea makaratasi. Sisi tunatumiwa PDF kwa WhatsApp, tunaona namba moja hapo chini, tunaanza kuchangisha. Makaratasi yote ni ya Kizungu cha hospitali, na kila neno hapo ndani liko na bei yake. Ukilikosa, unarudi na deni, au mnakwama mbali na mgonjwa ndani ya ward.

So wacha tuyapitie moja moja.

Referral: barua inayoanzisha kila kitu

Hii ni barua ya daktari wa hapa inayosema mgonjwa ako na nini, amefanyiwa nini, na kwa nini anapelekwa nje. Watu wengi huiruka. Wanaongea na agent, agent anatuma picha za ripoti India, jibu linakuja, ticket inakatwa.

Shida ni hii. Tangu 2017 Kenya iko na kanuni za kupeleka wagonjwa nje, na kanseli ya madaktari, KMPDC, ndiyo inafaa kuidhinisha. Pia kama unataka SHA ishike hata kitu kidogo, bila hiyo njia rasmi hauna pa kuanzia. Na kubwa zaidi: daktari aliyekuandikia referral ndiye atakupokea ukirudi. Kama uliondoka bila kumwambia, ukirudi na mshono umevimba utaanza kusaka daki mpya ambaye hajui stori yako.

Second opinion: isikuje baada ya ticket

Hii ni maoni ya daktari wa pili ambaye hahusiani na wa kwanza. Usimuogope daktari wako kwa hili, hakuna anayetukanwa. Kuna vitu ambavyo miaka kumi iliyopita ilikuwa lazima uende nje lakini sasa viko hapa. PET scan, ile picha ya kuonyesha cancer imesambaa wapi, iko Aga Khan Nairobi tangu 2018, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko nayo pia. Transplant ya figo inafanywa Kenyatta na Moi Eldoret. Mtu akikwambia "hii kitu haifanyiki Kenya", muulize mtu wa pili. Ukipata kweli haifanyiki, sasa panga safari ukiwa na roho safi.

Ukitafuta maoni, usibebe ripoti peke yake. Ripoti ni maneno ya mtu aliyeangalia picha. Itisha picha zenyewe kwa CD. Kama ni cancer, itisha pia zile slaidi na vipande vya nyama vilivyotolewa kwa biopsi, maabara huwa imeviweka kwa vidonge vya nta wanaita "blocks". Hospitali za nje hupenda kuvisoma upya zenyewe. Ukiviacha Nairobi, utafanyiwa biopsi ingine kule, na utailipia.

Curative ama palliative: swali ambalo watu huogopa

Hapa ndipo pagumu, lakini lazima tuongee.

"Curative" inamaanisha wanajaribu kuondoa ugonjwa uishe. "Palliative" inamaanisha ugonjwa hautaisha, wanajaribu kupunguza maumivu na kukupa muda mzuri zaidi. Zote ni matibabu halali. Palliative si kukata tamaa, na mtu anaweza kuishi nayo vizuri kwa muda. Lakini haya maneno mawili hayafai kuuzia familia shamba kwa njia moja.

Daktari anaweza kukuandikia "good response expected" na wewe ukasikia "atapona". Hiyo sentensi haijasema hivyo. Response ni kwamba uvimbe utapungua. Unaweza kupungua leo na kurudi baada ya miezi sita. So uliza wazi, kwa maandishi: lengo la haya matibabu ni gani, kuponya ama kupunguza? Na kama ni kupunguza, kuna kitu mtafanya kule ambacho hakifanyiki hapa karibu na watu wake?

Ken Okoth mwenyewe alitoka public akasema cancer yake ni stage four. Watu walishtuka kwa sababu hatujazoea kusikia mgonjwa akiongea hivyo. Kwetu, mgonjwa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Watoto wameamua, mjomba ameamua, chama imeamua, na mathe anapandishwa ndege akidhani anaenda kupona. Mgonjwa ako na haki ya kuulizwa kama anataka kumaliza hiyo miezi Chennai ama ocha akiwa na wajukuu. Mkishamuuliza, mnaweza kushangaa jibu lake.

Estimate: hii si bei

Hili ndilo neno limeangusha familia nyingi kuliko yote.

Estimate ni makadirio. Ni hospitali ikisema, kama kila kitu kitaenda sawa, itakuwa hapa hivi. Haijaahidi. Tuseme wamekutumia dola 8,000. Kwa rate ya 129 hiyo ni 1,032,000 bob. Mnachangisha, mnafika, mnasherehekea kwa grupu. Sasa soma hizo mistari midogo hapo chini.

Kuna "package", idadi ya siku ambazo hiyo pesa inashika, kwa mfano siku saba za ward na mbili za ICU. Siku ya nane unalipa kivyako. Kuna "exclusions", orodha ya vitu havimo: inaweza kuwa damu, dawa za bei ya juu, vipimo vya kabla ya operesheni, ama vile vyuma na vifaa vya kuwekwa ndani ya mwili wanaita "implants". Kuna "complications", mambo yakiharibika. Mgonjwa akipata infection akakaa ICU wiki moja zaidi, hiyo estimate imekufa.

Halafu kuna vitu hospitali haihesabu kabisa: ticket za watu wawili, nyumba ya kukodi karibu na hospitali wiki kadhaa, chakula, teksi, laini ya simu. Na kurudi tena kwa checkup.

Kwa hivyo mkichangisha, msiweke target ya estimate. Ombeni hospitali itume estimate mbili: ya mambo yakienda poa na ya yakienda vibaya. Waulize siku moja ya ziada ya ICU ni pesa ngapi. Hospitali ya ukweli itajibu. Ikikwepa hilo swali, hiyo pia ni jibu.

Neno la karibu ni "deposit". Hospitali nyingi zinataka chapaa mbele kabla mgonjwa aguswe. Uliza ikibaki inarudishwa vipi, kwa akaunti gani, na baada ya siku ngapi. Na utume kwa akaunti ya hospitali. Ukiambiwa utume kwa jina la mtu binafsi, hapo simama.

Facilitator: huyu agent analipwa na nani?

Agent anaitwa facilitator, patient coordinator, majina ni mengi. Anakusaidia na barua, visa, airport, chumba. Wengine ni wazuri sana, hasa kama hakuna mtu wenu amewahi toka nje ya nchi. Lakini jua mchezo: kawaida hospitali humlipa kamisheni kwa kila mgonjwa anayeleta. Ndio maana huduma yake kwako ni "free". Hiyo haimfanyi mkora, inamfanya msee wa sales. Akikwambia hospitali fulani ndiyo bora, uliza ni bora kwa ugonjwa wako ama ni bora kwake. Itisha majibu kutoka hospitali mbili ambazo hakuchagua yeye.

Pia itisha jina kamili la daktari atakayefanya operesheni. Estimate nyingi huandikwa jina la hospitali kubwa, lakini mwili wa mathe utashikwa na mtu mmoja, na ni haki yenu kujua ni nani.

Accreditation: ile stika kwa website

Ni cheti kwamba hospitali imekaguliwa na watu wa nje. India wako na chao, NABH. Cha kimataifa kinachojulikana ni JCI, kinatoka Marekani. Hivi vyeti vinasema hospitali inafuata utaratibu wa usafi, usalama na rekodi. Havisemi daktari fulani ni mkali wa ubongo. Lakini kama hospitali haina hata kimoja, uliza kwa nini. Na usiamini stika, ingia kwa orodha ya wenye cheti utafute jina.

Medical visa, attendant na kadi ya manjano

Usiende kutibiwa na visa ya utalii kwa sababu agent amesema ni rahisi. India iko na e-Medical visa, na inataka barua kutoka hospitali ya kule. Anayemsindikiza mgonjwa anaitwa "attendant" na ako na visa yake, watu wawili kwa mgonjwa mmoja. Chagua attendant vizuri. Msichague mwenye anapenda kusafiri. Chagueni mwenye anaweza kukaa macho usiku, kuongea na daktari, kuuliza swali mara tatu bila aibu, na kusaini karatasi akiwa ameisoma.

Halafu kuna kadi ya homa ya manjano. Kenya iko kwa orodha ya nchi ambazo India inazitaka nayo, na hawachezi. Bila kadi wanaweza kukufungia karantini hadi siku sita. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kudungwa, so ukidungwa Ijumaa na ndege ni Jumapili, hiyo kadi haijakusaidia. Habari nzuri ni kwamba ukidungwa mara moja ni ya maisha. Kama mgonjwa ni mdhaifu sana ama hali yake hairuhusu chanjo, daktari ndiye anaamua, na itabidi kuwe na barua rasmi.

Near relative: wanaoenda kwa figo wasome hapa

Sheria ya India ya viungo ni ya 1994 na iko strict. Kuuza ama kununua figo ni jinai. "Near relative" ni mtu wa damu ya karibu ama mume na mke: mzazi, mtoto, ndugu, babu na nyanya, mjukuu. Mgonjwa wa kigeni hawezi kupewa figo ya Mhindi ambaye si wa familia yake. Na donor wenu mkienda naye, kutakuwa na makaratasi ya kuthibitisha mnahusiana, pamoja na barua ya ubalozi, na kamati ya kuwahoji.

Kwa hivyo msee akikwambia "kuja tu, donor tutakupatia huko", anakuingiza box. Anakuingiza kwa kesi pia. Na hii biashara haiko mbali: 2025 Eldoret iliingia kwa habari za dunia juu ya madai kwamba vijana walikuwa wanauza figo, na serikali ikasimamisha transplant kwa hospitali moja huko. Wanaolengwa ni machali wa rika letu waliosota. Kama wewe ndiye unaambiwa utoe, hepa.

Discharge summary na fit to fly

Discharge summary ni stori nzima ya kilichofanyika: operesheni, dawa, vipimo, lini urudi kuangaliwa. Bila hiyo karatasi daktari wa Nairobi anabahatisha. Usikubali kutoka kabla uishike mkononi na uisome. Dawa ziandikwe jina la dawa yenyewe, "generic", si jina la kampuni, kwa sababu brand ya India unaweza kuikosa kwa chemist za hapa. Kama ni dawa za maisha, kama zile za aliyepandikizwa figo, ulizia bei yake Kenya kabla hata ya kuenda.

"Fit to fly" ni barua ya daktari kwamba mgonjwa anaweza kupanda ndege. Ndege inaweza kukataa mgonjwa bila hiyo. Na kama atarudi amelala kwa machela, machela inachukua nafasi ya viti kadhaa na mnalipia vyote. Hiyo hesabu iwe kwa bajeti kutoka mwanzo.

SHA iko wapi kwa hii stori?

Tangu Oktoba 2024 NHIF iliisha na SHA ikaingia, na mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Kwa matibabu ya nje, kiwango kilichowekwa ni nusu mita, 500,000 bob. Mwaka 2025 Waziri Aden Duale akatangaza orodha ya huduma 36 ambazo hazipatikani Kenya, na hizo ndizo zinaweza kulipiwa. Hospitali ya nje lazima iwe na mkataba na SHA na iwe imeunganishwa na hospitali ya hapa ya kukufuatilia.

Tafsiri ya mtaani: kama kitu kinafanyika hapa, hata kama foleni ni ndefu, SHA hailipi India. Kama uliamua kivyako, ukachagua hospitali ya agent, usitarajie kurudishiwa. Na kama umeingia kwa orodha, rudi kwa ule mfano wetu wa 1,032,000. Toa 500,000, mmebaki na 532,000, bila ticket, nyumba wala ICU ya ziada. Harambee bado iko.

Kwa hivyo serikali imeweka orodha, na hiyo ni hatua. Lakini hakuna mahali familia ya Kayole ama Kisauni inaweza kuingia na hiyo PDF ya WhatsApp ikasomewa na mtu asiyepata kamisheni. Kila hospitali ya rufaa ingeweza kuwa na dawati moja, mtu mmoja, wa kusema "hii estimate haina implants" ama "hii hapa ni palliative, mmeelewa?" Hiyo haihitaji mashine ya mabilioni. Viongozi wanaoenda nje kila mwaka wako na mtu kama huyo tayari. Sisi ndio hatuna, na sisi ndio tunauza shamba.

Kabla hiyo dawati ifike, fanya hivi. Mkiunda grupu ya mchango, msichague treasurer peke yake. Chagueni pia msomaji, mtu mmoja mwenye kazi yake ni kusoma kila karatasi na kuwaeleza wengine kwa lugha ya nyumbani kabla pesa itumwe. Anaweza kuwa yule binamu nesi, ama mwalimu, ama tu yule msee wa maswali mengi ambaye huwa anawakera. Safari hii mwacheni aulize.

Na kama kuna mtu wenu alienda akarudi, tuambie kwa comments: ni neno gani mlikuja kuelewa mkiwa mmeshalipa?